Guangzhou: siku ya kwanza usilipe mzigo

Dada unayetoka Lubumbashi peke yako kwenda kununua mali Guangzhou, nakuomba sana, siku ya kwanza usilipe mzigo wowote. Kule wametutangulia kwa saa 6. Kukipambazuka, mwili wako bado uko usiku wa manane wa kwetu, na mtu mwenye usingizi hukosea bei na hesabu ya dola kirahisi. Jua la asubuhi liepuke kwanza. Toka kuanzia adhuhuri, tembea nje hadi jioni, ndipo mwili huanza kushika saa za huko. Mchana lala dakika 20 tu, uweke kengele ya simu. Na beba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, umwonyeshe dereva wa taksi.