Kabla ya Kubadilisha Taa na Swichi ya Njia Mbili

Kubadilisha taa ni skrubu chache tu. Kinachowaponza watu ni yale wanayoyaruka kabla ya kushika bisibisi, hasa kwa taa inayowashwa kutoka sehemu mbili, kama ya ngazini au ya koridoni.

Usizime swichi ya ukutani ukadhani umezima umeme. Kwenye njia mbili, mkao wa kitufe hausemi lolote: mtu akibonyeza cha juu, moto, yaani umeme, unafika kwenye taa uliyoishika. Hata taa ikiwa imezima, mmoja wa nyaya mbili zinazounganisha swichi hizo huwa na moto muda wote. Breka moja nayo huenda isitoshe, kwani kuna nyumba ambazo taa ya ngazini huchukua moto saketi ya chini na nyutro (waya wa kurudishia umeme) saketi ya juu. Zima swichi kuu, bandika karatasi hapo, na waambie waliomo ndani wasiiguse.

Kisha pima. Ijaribu mita ya mkononi ya kupimia volti kwenye soketi yenye moto kabla hujazima, ndipo uzime na kupima kila waya. Ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo ndani ni ya kudokeza tu. Kutowaka kwake si ushahidi.

Nyumba nzima itakuwa haina umeme, kwa hiyo fanya mchana, uwe na tochi ya kichwani na ngazi imara. Stuli hapana.

Pa kutumia muda ni nyuma ya swichi. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga picha, kisha bandika tepu yenye alama kwenye kila waya. Utakuta matundu matatu, kwa kawaida yameandikwa COM (tundu la pamoja), L1 na L2. L1 na L2 zikibadilishana hakuna litakaloharibika. Waya wa COM ukiingia tundu jingine, taa itawaka tu swichi ya pili ikiwa upande fulani, na utahangaika jioni nzima. Rangi zisikudanganye: waya wa bluu ndani ya swichi mara nyingi hubeba moto, na nyaya za zamani zina rangi zake kabisa.

Dukani, hakikisha swichi mpya ni ya njia mbili, yaani ina matundu matatu. Ya kawaida ina mawili. Taa ya chuma lazima ipate waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini. Kama darini hakuna ethi, chukua yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani isiyohitaji ethi. Angalia pia uzito wake na kinachoishikilia darini.

Ukifungua ukakuta mpira wa nyaya unamomonyoka, au waya usiojua unakotoka, rudisha kifuniko na uite fundi umeme. Kuna nchi ambako sheria inamtaka huyo fundi tangu mwanzo, hivyo ulizia kabla hujanunua chochote.