Namna ya Kusoma Anatomia na Fiziolojia katika Chuo cha Kati cha Afya

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vya kati vya afya, hasa wanaosomea utabibu na uuguzi hapa Dodoma na jirani zetu wa Singida. Ninafundisha somo hili, na kabla ya kulifundisha nililisoma vibaya. Katika mtihani wangu wa kwanza wa vituo, yaani ule wa kupita meza hadi meza ukitambua viungo, nilikuta figo imewekwa juu ya sinia, pini imechomwa kwenye mrija mmoja, na swali likitaka jina la mrija huo. Mchoro wa figo nilikuwa nimeukariri kiasi cha kuweza kuuchora gizani. Tatizo ni kwamba kitabuni ateri, yaani mrija unaopeleka damu kutoka moyoni, ni nyekundu, vena, yaani mrija unaoirudisha moyoni, ni ya bluu, na ureta, yaani mrija wa mkojo, ni ya njano, ilhali pale kwenye sinia vyote vitatu vilikuwa na rangi ileile ya kijivu kwa sababu ya dawa ya kuhifadhia. Nilibahatisha, nikakosa. Sikuwa nimejifunza jambo ambalo lingeniokoa, yaani kwamba kwenye mlango wa figo vena hukaa mbele, ateri hukaa katikati, na ureta hukaa nyuma kisha huteremka kuelekea kibofu. Nilijua rangi bila kujua mahali, na hatua zifuatazo zimepangwa ili kosa hilo lisikupate.

Hatua ya kwanza: simama ukutani

Kabla ya kufungua kitabu, simama ukiwa umeegemeza mgongo ukutani, miguu imekaribiana, mikono imeteremka ubavuni, viganja vikitazama mbele na vidole gumba vikielekea nje. Huo ndio mkao wa kianatomia, na maelezo yote ya mwili wa binadamu huanzia hapo hata kama mgonjwa amelala kifudifudi. Ukiwa katika mkao huo, papasa mifupa 2 ya mkono wako kati ya kiwiko na kifundo, nawe utaona kwamba ule wa upande wa kidole gumba uko nje na ule wa upande wa kidole kidogo uko ndani. Sasa geuza kiganja kitazame nyuma, ukiangalia jinsi mfupa wa upande wa gumba unavyovuka juu ya mwenzake. Mwanafunzi aliyeuhisi mvuko huo chini ya vidole vyake hahitaji kukariri kwamba kiganja hugeuzwa na mfupa upi.

Zoea pia kwamba mchoro wa kitabuni ni mtu anayekutazama. Mkono wa kulia wa mchoro uko upande wako wa kushoto, na kadhalika moyo wa mchoro. Hili huonekana dogo, lakini kila mwaka nasahihisha karatasi ambamo vyumba vya moyo vimepewa majina kinyume, kulia kukawa kushoto, na maelezo mengine yote yakaharibika.

Hatua ya pili: panga maneno yako

Mihadhara na mitihani yetu ni ya Kiingereza, majina ya viungo ni ya Kilatini na Kigiriki, na mgonjwa atakayekuja mbele yako atazungumza Kiswahili, pengine kilichochanganyika na Kigogo. Tengeneza daftari lenye safu 3, ya kwanza ikiwa ya jina la Kiswahili, ya pili ya jina la mtihani, na ya tatu ya kazi ya kiungo hicho kwa sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Utashangaa namna Kiswahili kilivyo tajiri: mtulinga, muundi, kinena, kisogo, kongosho, bandama, kimeo, utosi. Wanafunzi wengi wanaolijua jina la Kilatini la mtulinga hawajui kwamba bibi zao walikuwa na neno lake.

Hata hivyo yapo maneno ya kuangaliwa kwa makini, na la kwanza ni “mshipa”. Kwa Kiswahili cha kila siku mshipa unaweza kuwa ateri, unaweza kuwa vena, unaweza kuwa neva, unaweza kuwa ukano wa msuli, na kwa wazee wengi unaweza kuwa ngiri. Mgonjwa akisema “mshipa unanivuta”, bado hujaambiwa kitu, kwa hiyo mwombe aoneshe kwa kidole mahali unapoanzia na unapoishia. Katika daftari lako usiandike neno mshipa peke yake hata mara moja. La pili ni “chembe ya moyo”. Anayelalamika kwamba chembe ya moyo inamuuma huonesha sehemu ya juu ya tumbo, chini kidogo ya mfupa wa kidari, ambapo chini yake kuna tumbo la chakula, kongosho na sehemu ya ini. Pamoja na hayo usiuondoe moyo haraka katika hesabu yako, kwa sababu maumivu ya moyo wenyewe nayo huweza kusikika pale pale.

Kuhusu majina ya Kilatini na Kigiriki, jifunze mizizi yake: nefro ni figo, hepato ni ini, osteo ni mfupa, na kiishio cha itisi huonesha kiungo kilichovimba kwa joto na maumivu. Mizizi 40 hivi itakufungulia mamia ya maneno.

Hatua ya tatu: nunua moyo wa mbuzi

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Maiti za kujifunzia ni chache na vyuo vingi vya kati hutegemea sanamu za plastiki, ambazo ni nzuri lakini hazitelezi mkononi. Mbuzi tunao. Nenda buchani mapema asubuhi, au fika mnadani Msalato, umwambie muuza nyama: “Kaka, naomba moyo mzima, usiupasue wala usiusafishe, uniachie na mishipa yake mikubwa juu.” Usipomwambia hivyo utapewa moyo uliokatwa vipande, kwa sababu mara nyingi hupasuliwa wakati wa ukaguzi wa nyama na mishipa yake hutupwa. Vaa glovu, tandika gazeti, weka wembe wa maabara, maji na beseni.

Kwanza usikate. Ushike moyo ncha yake ikitazama chini na ubonyeze kuta zake kwa vidole. Upande mmoja utakuwa mgumu kama msuli wa paja, na upande wa pili utabonyea. Ule mgumu ndio wa kushoto, na kwa njia hii utautambua upande wa moyo wowote hata ukiwekewa kichwa chini miguu juu. Sababu ya tofauti hiyo ni kazi, kwa kuwa chumba cha chini cha kulia husukuma damu hadi kwenye mapafu yaliyo jirani kwa shinikizo la takribani milimita 25 za zebaki, ilhali cha kushoto huisukuma mwili mzima, toka utosini hadi unyayoni, kwa takribani milimita 120.

Tafuta aota, mrija mnene wenye ukuta mgumu unaobaki wazi hata usiposhikwa. Mimina maji ndani yake polepole kutoka juu. Maji yatasimama badala ya kuteremka moyoni, kwa sababu vifuko 3 vya vali, yaani mlango unaoipitisha damu upande mmoja tu, vimejaa na kugusana. Chungulia juu tu ya vifuko hivyo uone matundu 2 madogo ambayo ateri za moyo wenyewe huanzia, kwani moyo haunywi damu inayopita vyumbani mwake, bali hulishwa kwa mirija yake mwenyewe.

Sasa pasua ukuta wa kushoto kutoka juu hadi nchani. Utakutana na nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea lakini ngumu kukatika, zilizofungwa kutoka kwenye vijimsuli vilivyochongoka hadi kwenye kingo za vali. Wanafunzi wengi huandika kwamba nyuzi hizi huifungua vali, na si kweli. Vali hufunguliwa na kufungwa na shinikizo la damu, na kazi ya nyuzi ni kuizuia isipinduke kuelekea juu chumba kinapobana, mithili ya kamba zinazozuia mwavuli usigeuzwe na upepo. Hesabu vipande vya vali, ambavyo ni 2 upande wa kushoto na 3 upande wa kulia.

Figo ya mbuzi nayo inafaa, ila ina mipaka yake. Kwa nje ni laini kama ya binadamu, lakini ukiipasua utaona ukingo mmoja tu unaomwaga mkojo, ilhali figo ya binadamu ina piramidi kadhaa, yaani sehemu zenye umbo la pembetatu zinazomwaga mkojo kwenye ncha zake. Ya ng'ombe imegawanyika vinundu kwa nje, nayo haifanani na yetu kabisa. Inayofanana zaidi na ya binadamu ni ya nguruwe, na kwa kuwa si kila mtu darasani anaruhusiwa kuigusa kitimoto, mimi huwaachia wanaotaka wajipange wenyewe. Na jambo moja la kuzingatia ni kwamba nyama iliyokwisha kulala kwenye meza ya maabara hairudi jikoni, hata kama mwezi umefika tarehe 28.

Hatua ya nne: tumia mkono wako kuthibitisha

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba damu huzunguka, na mojawapo ya hoja zake unaweza kuirudia bwenini. Funga kitambaa juu ya kiwiko cha mwenzako kwa kiasi cha kuvimbisha vena bila kuzuia mapigo ya kifundo. Bonyeza vena moja kwa kidole karibu na kifundo, kisha kwa kidole cha pili kamua damu kuelekea kiwikoni na ukiachie. Kipande kilichokamuliwa kitabaki kimebonyea, kwa kuwa vali iliyo juu yake huzuia damu isirudi. Ondoa kidole cha chini, nacho kitajaa tena mara moja. Wenye mikono minene watafute rafiki mwembamba.

Hatua ya tano: geuza takwimu ziwe ndoo

Takwimu za fiziolojia husahaulika zikibaki takwimu. Hesabu mapigo yako ukiwa umetulia. Tuseme ni 70 kwa dakika, na kila pigo husukuma takribani mililita 70, basi ni mililita 4,900, karibu lita 5 kila dakika. Moyo wako ungejaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 4 hivi. Figo zako kwa siku huchuja takribani lita 180, yaani madumu 9 ya lita 20, nasi watu wa Dodoma tunajua dumu 1 lina uzito gani likibebwa kutoka bombani. Mkojo unaotoka ni kama lita 1 na nusu tu, na maji mengine yote hurudishwa kwenye damu. Mwanafunzi aliyeyaona madumu 9 akilini mwake huanza kuuliza swali linalostahili: yanarudishwa wapi, na kwa nguvu ya nini? Hapo ndipo nefroni, yaani kile kichujio kidogo cha figo pamoja na mrija wake, inapoanza kueleweka.

Hatua ya sita: andika mnyororo, si orodha

Fiziolojia ni somo la “kwa hiyo”. Chukua tukio la kawaida, kwa mfano umetembea mchana wa Oktoba kutoka Makole hadi sokoni Majengo bila maji. Umetoka jasho, kwa hiyo damu imepungua maji na chumvi yake imekolea. Vihisio vilivyo katika haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, vimehisi ukolezi huo, kwa hiyo tezi iliyo chini ya ubongo, kwa sehemu yake ya nyuma, imemwaga homoni ya kuzuia mkojo. Homoni hiyo imeifanya mirija ya kukusanyia mkojo ipitishe maji, kwa hiyo maji yamerudi kwenye damu, mkojo ukawa kidogo na wenye rangi nzito, na wakati huohuo umesikia kiu. Andika mnyororo huo kwa mkono bila kutazama kitabu. Pale utakapokwama ndipo usipopajua, nawe soma hapo tu badala ya kuanza sura upya. Rudia jioni hiyohiyo, kisha baada ya siku 2, kisha baada ya wiki.

Hatua ya saba: siku ya mtihani wa vituo

Ukifika kituoni usikimbilie jina. Jiulize kwanza kiungo ni kipi, kimelazwa kwa upande gani, juu yake ni wapi na mbele yake ni wapi, kisha ndipo uifuate pini hadi inapogusa, kwa maana mara nyingi kichwa cha pini huegemea sehemu ambayo siyo iliyoulizwa. Andika upande, kulia au kushoto, kila unapoweza kuujua. Usiguse kielelezo kwa kalamu. Kengele ikilia kabla hujamaliza, andika ulichonacho, hata kama ni “vena, iko mbele ya ateri”, na uondoke bila kugeuka nyuma, maana kituo kinachofuata kinaweza kuwa moyo, na huo tayari umekwisha kuushika.