Kabla mdogo hajafika, muangalie kwanza aliyepo

Mimba ya pili ilinikuta mkubwa ana mwaka na mwezi mmoja. Wataalamu wa afya wanashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo ubebe nyingine. Ushauri huo niliusikia vizuri sana kliniki, tumbo likiwa tayari limeshaanza kuonekana. Kwa hiyo haya nayaandika kwa mwenzangu ambaye naye maji yameshamwagika, yuko jikoni anasonga ugali huku kuna mtu anamvuta khanga akitaka kubebwa.

Nguo za mchanga zisikuumize kichwa. Za mkubwa zipo. Zifue, zianike juani, zipige pasi, basi. Kazi ipo kwa huyu anayekimbia.

Anza na ziwa, maana ndilo lina maneno mengi. Ukionekana na mimba huku mtoto bado ananyonya, utaambiwa unambemenda, yaani mimba yako ndiyo inayomdhoofisha, na kila akiharisha au akipungua kidogo jibu litakuwa hilohilo. Mama mkwe alitaka nimwachishe siku hiyohiyo. Muuguzi wa kliniki akaniuliza kama nimewahi kutokwa na damu au kupata uchungu kabla ya siku. Nikasema hapana, akaniambia naweza kuendelea, ila nile zaidi. Nikaja kuelewa baadaye: mimba ikikua maziwa hupungua, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kumwongezea mtoto yai, dagaa au uji mzito. Akikonda, lawama zinamwendea mama badala ya sahani. Ukiamua kumwachisha, mwachishe taratibu, uwe umemaliza miezi miwili au mitatu kabla ya kujifungua, asije akaona ziwa lake limechukuliwa na mgeni. Shubiri na pilipili kwenye chuchu siziafiki. Kumpeleka kwa bibi kijijini ili asahau ndiyo kabisa: anapoteza ziwa na mama kwa basi moja. Ukiamua wanyonye wote wawili, mchanga ndiye atangulie, hasa siku zile za maziwa ya mwanzo, yale ya njano.

Hesabu hiyohiyo ya miezi miwili itumie kwa mengine. Kama atahama kitanda, ahame sasa. Kama unataka aanze poti, aanze mapema au umwache na nepi zake hadi vumbi litulie. Mimi nilimwanzisha wiki tatu kabla, akajitahidi, mdogo alipofika akarudi kukojoa kwenye mkeka kila siku kama anayedai haki yake. Tukanunua nepi za saizi mbili, na sitaki kukumbuka bajeti ya mwezi ule.

Swali zito kuliko yote ni nani atabaki naye usiku ule. Uchungu hauangalii saa, na wa mtoto wa pili mara nyingi huenda mbio kuliko wa kwanza. Nilimtegemea dada wa kazi. Tarehe yangu ilikuwa katikati ya Januari, dada akaenda kwao kula Krismasi. Mliokaa Dar mnajua inavyoendelea: begi lake aliliacha, ili tuamini anarudi. Aliyetuokoa ni mdogo wangu, na bahati nzuri mtoto alikuwa ameshalala kwa mama yake mdogo mara mbili kabla, kwa hiyo kitanda na harufu ya nyumba ile alivijua. Weka watu wawili, wa kwanza na wa akiba, na mmoja awe jirani anayeweza kufika kwa miguu saa nane za usiku. Kisha andika karatasi. Uji wake unakuwaje, analala na nini, homa ikipanda anapewa dawa gani na kiasi gani, kadi yake ya bima iko wapi. Andika na maneno yake pia. Wangu maji aliyaita "mma", na kuna usiku alilia robo saa nzima akipewa ziwa bandia, mpira, hadi simu, hakuna aliyejua kwamba ana kiu tu.

Begi la hospitali uliza kituo chako wanataka nini, maana orodha zinatofautiana: khanga, mpira wa kutandika, glovu, vibanio vya kitovu, pamba, pedi, beseni. Liwe tayari wiki ya 36, na likae juu ya kabati. Langu lilikuwa chini. Siku moja nikakuta kadi ya kliniki inaelea kwenye beseni la kufulia, tarehe zote za mahudhurio zimekuwa wingu la wino wa bluu. Sasa kadi zote mbili zinakaa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, na mfuko una msumari wake ukutani.

Kama umeajiriwa, hili lisome mara mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na inataka mwajiri apewe taarifa miezi mitatu kabla pamoja na cheti cha daktari. Wengi tunaishia hapo. Likizo hiyo lakini inahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Watoto wakifuatana kama wangu, unaweza kwenda ofisi ya utumishi na tumbo lako ukakuta haki ya malipo bado haijajirudia. Waajiri wengine hukubali kuunganisha na likizo ya mwaka, wengine hukaza. Kaulize mapema, upate jibu kwa maandishi, upange fedha. Baba naye ana siku tatu, ndani ya juma la kwanza tangu mtoto azaliwe. Tatu! Baba yao alizigawa hivi: moja ya hospitali, moja ya foleni, na ya tatu alilala. Afadhali angezitumia zote kwa mkubwa: kumtoa nje, kumwogesha, kumlisha. Mchanga siku zile hamhitaji baba kama kaka yake anavyomhitaji.

Kliniki za wote wawili ziweke kwenye karatasi moja. Mchanga ana chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) na ya polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mkubwa hakikisha amemaliza ile ya surua na rubela ya miezi 18, kwa sababu ukishajifungua ndiyo ya kwanza kusahaulika. Chandarua ulichopewa hudhurio la kwanza kitamtosha mchanga na wewe. Cha mkubwa kitafute kabla.

Sasa nyumba. Ndoo zote za maji ziwe na mifuniko inayobana, maana mtoto wa umri huu kichwa ni kizito. Akiinama na kutumbukia hawezi kujiinua, hata maji yakiwa kidogo. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kumpasha mzazi joto, mvua inyeshe isinyeshe: moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na unaua waliolala. Halafu kuna kukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Najua hospitali wanakataza, najua pia kwamba mama mkwe akishafunga safari kuja kukukanda, hoja zako zina uzito wa pamba. Tulipatana: maji ya vuguvugu, na tumbo lisisukumwe. Tulichosahau ni mlango. Beseni la maji ya moto ya kuongezea liko sakafuni linafuka, na mkubwa akaingia mbio na gari lake la kopo la maziwa. Bibi yake alimdaka mkono mmoja, kitambaa kikiwa mkono wa pili, hatua moja kabla ya beseni. Tangu siku ile hakuna maji ya moto yaliyovuka kizingiti kabla mtoto hajatoka nje ya nyumba na mtu mzima.

Wawili wasiachwe peke yao, hata dakika moja ya kuzima jiko. Mkubwa si mbaya. Tatizo ni ukarimu. Mdogo akiwa na wiki tano nilikwenda kuchukua taulo, nikarudi nikakuta kipande cha andazi mdomoni mwake na kaka yake amepiga magoti pembeni, anamwambia, "Kula, kula." Mchanga hali chochote isipokuwa maziwa ya mama hadi miezi sita, na andazi lingemkaba. Tangu hapo ukiondoka unaondoka na mmoja: mdogo kwenye mbeleko, au mkubwa mkononi. Mafua ya mkubwa pia yatamfikia mdogo, kwa hiyo sabuni na kopo vikae mlangoni. Mchanga akikataa kunyonya, akipumua haraka, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akilegea, akipata degedege, au kitovu kikitoa usaha, usingoje asubuhi wala ushauri wa simu. Nenda hospitali saa ileile.

Siku ya kurudi nyumbani, mchanga abebwe na mtu mwingine, wewe uingie mikono mitupu. Mkubwa alinikuta getini, akanikumbatia miguu, kisha akabonyeza tumbo langu kwa kidole, taratibu, mara mbili. "Mtoto?" Nikamwonyesha kwa bibi. Akaangalia, akabonyeza tumbo tena kuhakikisha, akarudi kwenye mifuniko yake ya sufuria.

Jambo la mwisho ni dogo na limenisaidia kuliko kitanda cha mtoto tulichonunua. Tafuta kikapu. Tia vitu ambavyo mkubwa anavitaka kila siku na hapewi: simu mbovu isiyo na betri, miwani ya jua, vijiko vya kupimia, kalenda ya mwaka jana yenye picha za wanyama. Kisiwe na kitu kinachoingia mdomoni kizima. Kikapu kinashuka tu unapokaa kunyonyesha, na ukimaliza kinapanda. Wiki ya kwanza atakimbilia kikapu kabla hata mdogo hajaanza kulia. Wiki ya pili vitu vitamchosha, kwa hiyo Jumapili usiku, akiwa amelala, badilisha viwili vitatu. Kalenda iache.