Namna ya Kujibu Dhana Potofu Kuhusu Ubakaji Kabla Hazijamchelewesha Manusura

Mtu akibisha mlango wako, uwe Kayole, Kibera au South B jijini Nairobi, akakueleza kwamba amebakwa, mwamini, hakikisha yuko salama, kisha msindikize hospitalini bila kungoja kupambazuke. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72 na tembe za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na zote hufaa zaidi zikimezwa mapema, kwa hiyo kila dhana potofu inayowaweka sebuleni mkibishana ina gharama.

Dhana inayochelewesha wengi ni kwamba sharti apitie kituo cha polisi kwanza kuchukua nambari ya OB, yaani ya taarifa yake katika daftari la matukio la polisi. Si kweli: matibabu hayasubiri polisi. Hospitalini atatibiwa na kujaziwa fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, inayorekodi hali yake; polisi wanaweza kufuata baadaye, na huko ndiko fomu ya P3, ya ushahidi wa kitabibu kwa ajili ya kesi, hutolewa, tena bure, ili ijazwe na daktari.

Ni heri asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kupimwa. Hata hivyo, akiwa amekwisha kuoga, asiambiwe kwamba ushahidi wote umepotea, kwani majeraha na nguo bado vina la kueleza. Kila vazi litiwe katika bahasha yake ya kaki, kamwe si katika plastiki, ambamo unyevu huozesha kinachotafutwa.

Huenda shangazi akauliza, tena mbele ya manusura, "Mbona hukupiga nduru?" Mjibu kwa adabu, lakini palepale: "Shangazi, hofu humkausha mtu akashindwa hata kuinua mkono." Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inaeleza kwamba aliyeridhia ni yule aliyekubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kunyamaza hakutimizi hayo, wala sketi fupi, wala bia aliyonunuliwa. Kwa maoni yangu swali hilo huumiza kuliko matusi, kwa kuwa huulizwa na watu wanaompenda.

Wapo wanaodhani mbakaji ni mgeni anayevizia gizani, ilhali mara nyingi ni jirani, mpenzi au jamaa. Wapo pia wanaosema mwanamume habakwi. Sheria hiyo inamlinda naye, na dawa za PEP ni zilezile.

Jihadharini hasa na pendekezo la kwamba mzee wa mtaa azikutanishe familia mbili ili zikubaliane fidia. Kosa hili ni la jinai na mashtaka yake ni ya Serikali, hivyo kikao cha aina hiyo hakina mamlaka ya kulifuta, hasa mwathiriwa akiwa mtoto. Mkishinikizwa, pigeni 1195, nambari ya msaada kuhusu ukatili wa kijinsia, isiyolipishwa na inayopokewa usiku na mchana. Kwa mtoto, pigeni 116.