Kutembea Osaka kwa miguu na mwongozaji wako mwenyewe

Wageni wengi huniletea orodha. Wameiandika kwenye simu tangu nyumbani: kasri, Dotonbori, mnara, hekalu, soko, duka la viatu, vyote vimalizwe kabla ya jua kuzama. Naishi Osaka tangu 2011, na kutembeza watu kwa miguu ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Orodha naipokea kwa heshima, naiweka kando, kisha nauliza: huko nyumbani unafanya kazi gani?

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kukodi mtu wa kumtembeza peke yake au na wenzake wachache, iwe ni mimi, Mjapani au mwingine yeyote. Basi la watalii lina njia yake, na abiria huifuata. Mtu uliyemkodi mwenyewe hana njia mpaka umpe sababu ya kuichagua.

Hatua ya 1: Taja kazi yako kabla ya kutaja mahali

Mzee mmoja wa Mombasa, mwenye duka la vyombo vya jikoni, aliniandikia kwamba anataka kuona Kasri la Osaka na hana haja ya kingine. Nikamwomba dakika 20 tu, tupite kwanza Sennichimae Doguyasuji, mtaa mfupi ulioezekwa juu, jirani na kituo cha Namba, ambako wenye migahawa hununua vifaa vyao. Visu, mabakuli, taa za karatasi za kuning'iniza mlangoni, na vyakula vya bandia vya plastiki vinavyowekwa dirishani, vinavyofanana na vya kweli hadi mate yakutoke. Mzee akasimama mbele ya vyuma vyenye vishimo vya duara, akacheka peke yake.

"Mwanangu, hiki si kikaango cha vitumbua?"

"Karibu sana, mzee. Hawa wanapikia takoyaki. Ni kama kitumbua, ila ndani kuna pweza."

Dakika 20 zikawa saa mbili na nusu. Nilipomkumbusha kasri, alinijibu: "Kasri nimeliona kwenye picha. Sufuria hizi picha yake sijapata kuiona."

Kwa hiyo ujumbe wako wa kwanza uwe na mambo matatu: kazi yako, unachokipenda usipokuwa kazini, na kitu kimoja ambacho ukikikosa utarudi nyumbani na kinyongo. Fundi cherehani atapelekwa Senba, mtaa wa vitambaa, ambako kuna jengo la maduka lililobanwa chini ya barabara ya juu kwa urefu unaokaribia kilomita 1. Fundi redio na kompyuta ataachiwa Nipponbashi. Mwalimu wa historia ndiye hasa nitakayempandisha kasrini. Nitamwambia mapema kwamba Toyotomi Hideyoshi, mbabe wa vita wa enzi hizo, alianza kulijenga 1583, lakini jengo refu analoliona leo ni la zege, la 1931, na ndani lina lifti. Wapo wanaokasirika wakilijua hilo baada ya kulipa kiingilio.

Hatua ya 2: Jua unamkodi nani

Japani ina leseni ya taifa ya waongozaji-wakalimani, inayoitwa zenkoku tsuyaku annaishi. Mtihani wake hufanywa kwa lugha 10 za kigeni, na Kiswahili hakimo. Zamani kuongoza wageni kwa malipo bila leseni hiyo lilikuwa kosa. Sheria ililegezwa Januari 2018, na sasa asiye nayo anaruhusiwa kufanya kazi, ila haruhusiwi kujiita kwa cheo hicho. Mimi sina, na huwa nasema tangu mwanzo. Mwenye leseni hubeba kadi yenye picha yake. Mwombe akuonyeshe, hataona umemvunjia heshima.

Je, leseni ina maana? Kwa mahekalu, historia na sanaa, ndiyo, sana. Kwa kula vichochoroni na kuzunguka masoko, naangalia zaidi mtu anaishi mtaa gani na anajibuje ujumbe. Muulize: "Ungempeleka wapi shangazi yako akija kukutembelea?" Akikujibu Dotonbori, ambako kila mtalii huenda, tafuta mwingine.

Wapo pia wanaojitolea, hasa wastaafu na wanafunzi, ambao hawatozi ada. Unawalipia nauli, viingilio na chakula cha mchana. Ni watu wema kwelikweli, lakini wanahitaji taarifa mapema na huwezi kuwabadilishia mpango njiani.

Hatua ya 3: Patana bei na saa, kwa maandishi

Wengi wetu tunatoza kwa kundi, si kwa kichwa, kwa nusu siku ya saa 4 au siku nzima ya saa 7 au 8. Watu wanne wakichangia, bei inakuwa ya kawaida kabisa. Uliza kama nauli, viingilio na chakula cha mwongozaji vimo ndani ya bei, kwa sababu mara nyingi havimo. Uliza pia kuhusu kuahirisha: Agosti na Septemba vimbunga husimamisha treni, na siku ya kimbunga si siku ya kubishana juu ya malipo ya awali.

Sasa jambo ambalo linatupata sisi wasemaji wa Kiswahili tu. Mgeni wangu mmoja niliyempeleka kwa mwenzangu Mjapani alimwandikia kwa kutumia programu ya kutafsiri: "Tukutane saa tatu asubuhi." Programu ikatafsiri neno kwa neno. Mwenzangu akanipigia usiku ameduwaa, anauliza kama mgeni anataka kwenda kuona mnada wa samaki, maana saa hiyo hata treni hazijaanza. Andika 9:00. Usiandike "saa" ya aina yoyote.

Hapohapo kuna bahati ndogo: Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na saa zetu za Kiswahili nazo hupishana na za Kizungu kwa saa 6. Saa ya ukutani Osaka ikionyesha 3 alasiri, Dar es Salaam na Nairobi watu wanasema saa tatu asubuhi. Namba ni ileile. Ukitaka kujua kama mama ameamka, tazama saa ya hapa na uisome kwa Kiswahili.

Hatua ya 4: Sema mapema kuhusu chakula, swala na magoti

Chakula ndicho kinachoharibu siku nyingi. "Sili nguruwe" haitoshi. Nguruwe hujificha kwenye supu ya tambi, kwenye okonomiyaki kama vipande vyembamba juu ya chapati ile ya kabichi, na hata mafuta ya kukaangia huweza kuwa ya mnyama. Pombe nayo imo kwenye mirin, kiungo kitamu kinachotiwa karibu kila mchuzi. Mwongozaji anayejua siku tatu kabla atapiga simu na kupanga. Anayeambiwa mlangoni ataishia kukununulia onigiri, yaani tonge la wali, ya samaki kwenye duka la saa 24.

Kwa swala, msikiti wa Osaka uko Nishiyodogawa, mbali kidogo na mitaa ya watalii, kwa hiyo Ijumaa ipangwe kuanzia pale. Mwenye siku ya ziada namshauri apande treni hadi Kobe, aone msikiti wa 1935, wa kwanza kujengwa Japani.

Magoti: sema ukweli. Kituo kimoja tu kinaweza kukupandisha ngazi na kukushusha tena mara tatu. Lifti zipo, lakini huwa upande ule usioufikiria, na mwongozaji lazima ajue kwamba anatakiwa kuzitafuta.

Hatua ya 5: Andaa miguu na mifuko

Viatu ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. Soksi zisizotoboka, kwa sababu utavua viatu mbele za watu. Kadi ya nauli ya kugonga, kama ICOCA, iwe na pesa ndani, na bado ubebe noti, kwani vibanda vidogo vingine havipokei kadi. Mfuko wa plastiki wa taka zako, maana mapipa barabarani ni adimu. Begi kubwa lifungie kwenye makabati ya kituoni. Julai na Agosti usishindane na jua: joto hufika nyuzi 35 na unyevu wake ni wa Tanga mwezi wa Februari, ila bila upepo wa bahari.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika dakika 5 kabla. Kwenye ngazi za umeme Osaka husimama kulia. Tokyo husimama kushoto, na watu wa hapa hulitaja jambo hilo kwa fahari kidogo.

Njia ninayoipenda kwa nusu siku huanzia Namba. Tunapita Doguyasuji maduka yakiwa yanafunguliwa, tunakatiza soko la Kuromon. Kuromon napita kwa kutazama. Bei zake sasa ni za watalii, kijiti kimoja cha kaa kinaweza kukugharimu chakula cha mchana kizima. Halafu tunashuka kusini kwa barabara ya Sakaisuji, kati ya maduka ya vifaa vya umeme na vinyago vya katuni, hadi mnara wa Tsutenkaku ujitokeze mbele. Mtaa wa Shinsekai ulifunguliwa 1912 na mnara wake wa kwanza, ulioiga ule wa Paris. Huu wa sasa ni wa 1956. Hapo ndipo penye kushikatsu, mishikaki iliyokaangwa kwenye unga wa mkate. Sosi ni ya wote, na sheria ni moja: unachovya mara moja tu, kabla hujauma. Migahawa mingi sasa hutumia chupa za kukamulia, lakini sheria bado imebandikwa ukutani.

Ukiwa na nguvu, robo saa kwa miguu itakufikisha Shitennoji, hekalu lililoasisiwa 593. Majengo yamejengwa upya mara nyingi, lakini uwanja wake ni mkimya, na kuna mahali pa kukaa. Hapo huwa nanyamaza dakika kumi. Mwongozaji asiyejua kunyamaza atakuchosha kuliko ngazi.

Dotonbori iache hadi jioni. Mchana ni mfereji wenye maji ya kijani na mabango. Usiku, mabango yanawaka na maji yanayarudisha. Mfereji ulianza kuchimbwa 1612, na aliyeuanzisha, Doton, alikufa vitani 1615 kabla haujakamilika. Piga picha yako mbele ya bango la mkimbiaji la kampuni ya peremende ya Glico, kama kila mtu, kisha ingia kichochoro cha Hozenji nyuma yake. Kuna sanamu ya Fudo, mlinzi katika imani ya Kibuddha, iliyoota mimea midogo ya kijani mwili mzima kwa kumwagiwa maji na waombaji. Hatua chache tu kutoka kwenye kelele, unasikia kata ikigonga jiwe.

Hatua ya 7: Jifunze kusikia "hapana"

Wajapani wengi hawakukatalii usoni. Ukiomba kubadilisha njia na mwongozaji akavuta pumzi kati ya meno, akasema "chotto..." na sentensi ikaishia hewani, umekataliwa. Mtu wa pwani anapaswa kuelewa haraka. Ni binamu wa "tutaona, inshallah" yetu. Usisukume. Uliza badala yake: "Kipi kinawezekana?"

Kwa upande mwingine, watu wa Osaka ni wachangamfu, mji ni wa wafanyabiashara tangu enzi za ghala za mchele, na soko la mchele la Dojima lilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1730. Salamu ya zamani ya hapa ni "mokarimakka?", yaani faida inapatikana? Jibu ni "bochi bochi", hivyohivyo tu. Siku hizi husemwa zaidi kwa utani. Mjaribu muuza duka mzee. Mzee wangu wa Mombasa aliisema akapunguziwa bei ya kisu, na Japani kupunguziwa bei si jambo la kila siku.

Hatua ya 8: Malipo na kuagana

Bakshishi si desturi, na ukiiacha mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau pesa zako. Ada iliyobaki iweke kwenye bahasha, uikabidhi kwa mikono miwili. Ukitaka kumfurahisha mwongozaji zaidi, mletee kitu kidogo cha nyumbani: kahawa ya Kilimanjaro wanaijua vizuri, na karafuu za Zanzibar kwenye kikopo zimewahi kumfanya mwenzangu mmoja anukishe ofisi nzima.

Usiku huohuo, kabla hujalala, panga begi. Kisu ulichokinunua Doguyasuji, hata kama kimechorwa jina la mkeo, kinakwenda kwenye begi la kupeleka chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi kitaishia uwanjani.