Seva mpya ya PostgreSQL: uiwekee Linux ipi?

Vijana wa ofisini huniuliza, "Kaka, tuweke Ubuntu au Debian?" Mimi kwanza nauliza hifadhidata yenyewe ni toleo gani, na inahamia hapo kutoka wapi.

PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulihudumia kwa miaka 5. Ubuntu za LTS (zinazohudumiwa muda mrefu), kama 22.04 na 24.04, nazo hupata masasisho ya usalama miaka 5. Zile za katikati hupewa miezi 9 tu. Hizo waachie wenye laptopu. Kwa kazi inayoanza sasa nachukua Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, au Ubuntu 24.04. Waliokuwa CentOS 8, Linux nyingine ya seva, wanajua utamu wa ahadi: huduma yake ilikuwa ifike 2029, ikakatwa mwishoni mwa 2021. Wanaopenda ukoo ule siku hizi wana Rocky Linux na AlmaLinux.

Usifungwe na PostgreSQL inayokuja na mfumo (Debian 12 ina 15, Ubuntu 24.04 ina 16). Hazina ya mradi wenyewe, apt.postgresql.org, ina matoleo yote yanayohudumiwa.

Panapoumiza watu ni glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo programu nyingi za Linux huitegemea. Kwa kawaida PostgreSQL huiachia maktaba hiyo iamue neno lipi litangulie lipi, na glibc 2.28 ya mwaka 2018 ilivuruga mpangilio wa zamani. Jaribu kwenye mashine zote mbili, mradi lokali (kanuni za lugha) ya en_US.UTF-8 ipo:

( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort

CentOS 7 itaanza na 11. Rocky 8 itaanza na 1-1. Sasa chukua faharasa (index, orodha iliyopangwa ambayo hifadhidata hutafutia) iliyojengwa kwenye ile ya kwanza, uhamishe faili zake kama zilivyo hadi ya pili. Unatafuta namba ya ankara, jibu linarudi tupu, na rekodi ipo. Mbaya zaidi, safu uliyoizuia isijirudie inapokea namba ileile mara mbili, na huenda logi isiseme chochote.

Kwa hiyo endesha ldd --version, inayoonyesha toleo la glibc, kwenye seva ya zamani na mpya kabla ya kugusa data. Matoleo yakitofautiana, hamisha kwa pg_dump, inayotoa data kama amri za SQL ili faharasa zijengwe upya kule. Data ikiwa kubwa mno na umelazimika kubeba faili, jenga upya faharasa zote za maandishi kwa REINDEX kabla ya kuwafungulia watumiaji. Replika (seva za nakala) nazo ziwe na mfumo uleule wa seva kuu, hata kama mashine ya pili ilipatikana baadaye.

Ukianza na hifadhidata tupu kwenye PostgreSQL 17, unaweza kuikwepa glibc katika upangaji:

initdb --locale-provider=builtin --builtin-locale=C.UTF-8

Ubaya wake, "Zuberi" atamtangulia "amina", kwa sababu herufi kubwa hupangwa kabla ya ndogo. Mhasibu akilalamika, weka COLLATE (kanuni ya kupanga maneno) kwenye ripoti yake peke yake.