Bodi ikigombana, na mjumbe akila pesa: vile tunavyofanya sisi huku Mombasa

Mimi ni katibu wa CBO moja, yaani kikundi cha jamii, hapa Kisauni, mwaka wa saba huu, kazi yetu ni maji na madrasa, na nikiulizwa bodi zetu zinauliwa na nini ntakwambia ni haya. Mweka hazina ni binamu yake mama, mwenyekiti ndiye alosimama kwa harusi yako, sasa utamuuliza vipi mambo ya risiti? Basi watu wananyamaza miezi sita, wanachekeana, halafu usiku mmoja mtu anashindwa kulala anamwaga yote kwenye grupu la WhatsApp, asubuhi vijana wa maskani washasoma skrinshoti na wanacheka.

Kitu cha kwanza kabisa, jua uko na ugomvi au uko na kosa. Ugomvi ni wajumbe wawili hawapatani, huyu kila siku anachelewa, yule anakata watu maneno, wanavutana kuhusu kisima kichimbwe wapi. Hio ni ya kahawa. Tafuta mtu mzima wanayemheshimu wote wawili, wakae barazani baada ya Alasiri, kahawa tungu na kashata, waseme yao yaishe. Katiba ya Kenya yenyewe, kifungu cha 159, inataka mahakama zihimize suluhu na upatanishi, sembuse sisi.

Kosa ni kitu kingine. Pesa kuliwa, saini kughushiwa, tenda kupewa shemeji kimyakimya. Hapo kahawa weka kando kwanza, manake ukianza na sulhu hata hujajua ni kiasi gani kimepotea, utakuwa unasamehe usichokijua. Na kama ni mjumbe amemgusa mtoto ama anamsumbua msichana wa ofisi, usiite wazee wayamalize nyumbani, tafadhali. Nenda polisi, na kama ni mtoto piga 116, ni bure. Hapo bodi haina la kujadili zaidi ya kumtoa huyo mtu karibu na watoto siku hiyohiyo.

Turudi kwa pesa, manake ndio zinasumbua wengi. Sisi yetu ilianza na risiti za hadwea, mipira ya maji, saruji, vitu vya tangi. Mjumbe mmoja alileta risiti nne, tarehe zimepishana wiki tatu, lakini namba zao zimefuatana moja baada ya nyingine, kana kwamba duka zima wiki tatu halikuuza hata msumari kwa mtu mwengine. Mimi nikaziangalia sana. Kalamu moja, mwandiko mmoja, hata pale wino ulipokwaruza ni palepale. Sikusema kitu kikaoni, nikapiga picha tu. Na wewe fanya hivyo, ukiona kitu weka ushahidi kwanza: picha, stetimenti ya benki, meseji za M-Pesa, miniti za kikao kilichopitisha hayo matumizi. Usiwaambie watu watano, kila mmoja "nakwambia wewe tu".

Halafu mfuate mwenyewe pembeni, wewe na mwenyekiti (kama mwenyekiti ndiye mshukiwa basi naibu wake). Si kwake mbele ya watoto, na si msikitini pia, watu hupenda kufanya hivyo wakitoka kuswali na ni vibaya. Sisi tulimwambia hivi: "Kaka, hizi risiti zimetutatiza, namba zimefuatana na tarehe ziko mbali, hebu tueleze." Basi. Usitaje wizi. Wakati mwengine kuna maelezo ya kweli, mtu alipoteza risiti akaenda kuandikiwa upya zote siku moja, ni makosa lakini si wizi. Wetu alikasirika akasema tunamvunjia heshima, akaondoka hata soda hakumaliza.

Ikifika hapo ni barua. Watu wa Pwani twaogopa barua, yaonekana kama talaka, lakini barua ndio itakuokoa wewe na yeye. Iwe fupi: kikao cha tarehe fulani kilipitisha shilingi kadhaa za vifaa, risiti namba hizi zina maswali haya, tunaomba maelezo yako kwa maandishi ndani ya siku 14, na mpaka hapo umeombwa usitie saini malipo yoyote. Apokee kwa saini yake mbele ya shahidi. Kabla hujaiandika fungua katiba ya kikundi chenu (najua iko kabatini imejaa vumbi, yetu ilikuwa imeshikilia mguu wa meza) usome inasema nini kuhusu kumsimamisha mjumbe, siku ngapi za notisi, akidi ni wangapi. Mkikosea hapo atawashinda hata kama alikula kweli.

Chagueni watu watatu wachunguze, na mmoja atoke nje ya bodi, mwalimu mstaafu ama mhasibu wa mtaani asiyekula na mtu. Ndugu zake wasiwemo, na maadui zake pia wasiwemo, hili la pili watu husahau. Kikaoni asikizwe mpaka amalize, hata akilia, hata akitukana, halafu atoke nje ndio mpige kura, na aliye na undugu naye aseme mapema na asipige. Miniti ziandike maneno yaliyosemwa, si hasira zenu.

Grupu la WhatsApp lifungeni kwa muda, admini peke yao waandike. Hapo sina maelezo zaidi.

Sasa benki. Kubadilisha wenye saini benki itataka miniti zilizosainiwa zinazosema nani ametoka na nani ameingia, kwa hivyo zitayarisheni mapema. Shida kubwa zaidi ni ile laini ya M-Pesa ya kikundi iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja. Akikasirika ameondoka na laini, na michango inaendelea kuingia kwake. Kama yenu iko hivyo badilisheni leo mkiwa bado mnapendana.

Kama mfadhili ana pesa zake humo mwambieni nyinyi wenyewe kabla hajasikia kwengine. CBO iliyosajiliwa kama kikundi cha jamii hupeleka malalamiko ofisi ya maendeleo ya jamii, huko ndiko iliko kazi ya ile sheria ya vikundi ya 2022. Mkiwa NGO, tangu Mei 2024 mko chini ya sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma), ile ilopitishwa 2013 ikakaa miaka yote hiyo bila kuanza, na ina mamlaka yake na tribunali yake ya migogoro. Wizi wa wazi ni polisi.

Wetu alikiri mwishowe, akakubali kulipa elfu tano kila mwezi, tukaandikiana, akatoka bodini ila uanachama akabaki nao. Wengine walitaka afukuzwe kabisa, mimi nilikataa, manake aliyefukuzwa halipi.

Siku ya makabidhiano andikeni orodha: funguo, kitabu cha risiti, kitabu cha cheki, laini, paswedi ya baruapepe, muhuri. Muhuri usisahau. Wetu tuliusahau ukakaa kwake miezi minne, na ulirudi siku mtoto wake alipotuletea mahamri, uko chini ya mfuko umefungwa kwa gazeti.